Siku Nilipozichanganya Picha za Bibi

Juzi nilifungua mkebe wa biskuti wenye kutu. Harufu ya kafuri ikanipanda puani, nikajiona tena mtoto, nimekaa mkekani na bibi yangu kule Wingwi.

Kila Ijumaa tulizitoa mkebeni picha za watu wake waliofariki. Bibi alizishika moja moja, kwa mpangilio uleule, akinieleza huyu ni nani na alipenda nini. Ijumaa moja nilikuwa nimezichanganya alipokuwa akisali.

Akaiinua ya juu, akaibusu. "Hino ya babako. Mtazame anavyocheka."

Nikatazama. Alikuwa shangazi yangu, kanuna.

"Bibi, huyu si baba."

Mkono wake ukaganda hewani. Macho yake yalikuwa yameelekea ukutani. Bibi alikuwa haoni, na mimi niliyelala naye chumba kimoja sikujua!

"Usimwambie mamako," akanong'ona. "Watanihamisha kwangu."

Nikaitafuta picha ya baba, nikamtia mkononi. Aliishika kitambo, kisha akanirudishia mkebe mzima.

"Basi leo nieleze wewe," akasema.

Nikaanza kumweleza, picha moja baada ya nyingine.