Siri niliyoipeleka kwenye maombi imeandikwa kwenye utafiti wa chuo

Admin nifiche jina tafadhali, huku Rujewa tunajuana wote. Nina miaka 48, nauza mchele, na mume wangu ni mzee wa kanisa.

Kikundi chetu cha maombi tuko akina mama wanane. Kuna binti nitamwita Tumaini, tulimlea sisi tangu mama yake afariki. Alipopata nafasi ya kusoma sosholojia chuo huko Iringa, wenzangu walisita, wakasema masomo hayo yanawatoa vijana kwa Yesu. Mimi ndiye nilimtetea. Nikawaambia elimu ni ya Mungu, mwacheni aende, tukafunga siku tatu kumwombea.

Mwaka jana akarudi kufanya utafiti, jinsi maombi yanavyowasaidia wanawake. Alituhoji, tukasaini karatasi zake. Jioni anakaa na sisi kwenye maombi, analia na sisi. Siku moja nikaitua siri niliyoibeba miaka ishirini na sita, kwamba mwanangu wa kwanza si wa mume wangu. Sikuyasema kwenye mahojiano jamani, niliyasema nimepiga magoti.

Juzi kanipigia ana furaha, amefaulu. "Mama, na wewe nimekuandika, ila jina nimebadilisha." Nikamwambia nisomee kwa Kiswahili. Muuza mchele, mke wa mzee wa kanisa, mtoto wa kwanza mwalimu. Sasa hapo jina la nini tena? Nikamsihi akitoe hicho kipande. Akanijibu, "Haiwezekani mama, kitabu kimeshapitishwa. Halafu msimamizi wangu amesema sura ya nne, yenye habari yako, ndiyo imebeba kazi yote." Hata pole hakunipa. Kikulacho ki nguoni mwako, leo nimeamini.

Kumbe nakala moja kampelekea mchungaji kama shukrani. Mchungaji naye kampa huyo huyo mwanangu, maana anafundisha Kiingereza, akitafsiri ili kisomwe kwenye ibada ya akina mama. Anakifanyia kazi sebuleni kwangu. Jana kaniambia, "Mama, Tumaini anawapenda sana, ameandika vizuri. Nimemaliza sura ya tatu." Nikamwongezea chai.

Nimwambie mimi mwenyewe mwanangu kabla hajafika hapo? Nianze na mume wangu? Au nikifiche hicho kitabu? Zamani jambo kama hili ningelipeleka kwa akina mama wenzangu tuliombee. Leo nalileta kwenu watu nisiowajua. Nishaurini upesi, kesho akitoka shule anaanza sura ya nne.