Leo nimeimba, na hakuna aliyenirekodi

Leo nimeimba vizuri kuliko siku zote, na hakuna mtu aliyeniona.

Lemayian alirudi Kitengela kutoa ushuhuda kanisani. Mnamjua, yule mwimbaji wa redioni. Zamani tulikuwa kwaya moja, na mimi ndiye nilikuwa naanzisha nyimbo.

Ile Jumapili mtu wa studio alikuja kutusikiliza, ng'ombe wetu alikuwa anazaa na ndama akakwama. Nikabaki kumvuta. Lemayian akaimba sehemu yangu, na studio ikamchukua yeye. Mengine mnayajua.

Sasa leo anatuambia, "Ukiwa na talanta, Mungu atakuinua tu!"

Amina kila mahali. Hata mimi nikasema amina. Ningefanya nini?

Halafu katikati ya wimbo sauti ikamkauka. Akaniita kwa mkono. "Kuja, ndugu yangu, unimalizie."

Aki niliimba! Nimefunga macho, nikapanda juu kabisa, nikasikia wamama wa kwaya wakipiga vigelegele.

Nikafungua macho.

Simu zote zilikuwa zinamrekodi yeye, akilia.

Niko nyumbani sasa. Yule ndama ni ng'ombe mzima, anacheua hapa nje.

Kama ulikuwa kanisani, angalia video yako tena. Hata kama nimetokea sauti tu, nitumie.