Jina Lisilo na Kaburi

Karani wa vizazi alikuwa mwanamke mwenye sifa moja ofisini kwao: hakuna mzazi aliyefika kwenye kidirisha chake na jina la kubuni akatoka nalo kirahisi. Wenzake walimwita Mwalimu, kwa sababu aliyapokea majina ya watoto kama madaftari ya wanafunzi, kwa jicho la kutafuta makosa. Mzazi akileta jina lililoungwaungwa, nusu ya jina la baba na robo ya jina la mama, karani aliweka kalamu chini, akavua miwani, akauliza, "Maana yake nini?" Mzazi akianza kujiumauma, alirudishiwa fomu yake kwa upole. "Nenda ukalifikirie wiki moja. Mtoto hakimbii."

Wengi walirudi na jina la shangazi au la babu, na karani akaona amewaokoa. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Alipoanza kazi aliwahi kuandika, bila kuuliza, jina ambalo baba mmoja alilitoa kwenye kasha la redio. Mtoto yule alirudi akiwa na miaka kumi na minne kuomba abadilishiwe. Alilitamka kwa sauti ya chini hivi kwamba karani alimwomba arudie mara mbili, na foleni nzima ikacheka. Siku hiyo karani alikata shauri kwamba aibu ya namna ile haitapita tena mikononi mwake.

Asubuhi moja, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, alifika mama mshonaji, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi, amemshika mkono binti wa miaka saba. Alitaka cheti cha kuzaliwa. Shule ilikataa kumwandikisha mtoto asiye nacho.

"Miaka saba yote mlikuwa wapi, mama?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Tulikuwepo."

Jibu lile lilimfanya ainue macho. Akamgeukia mtoto. "Haya, mwanangu, unaitwa nani?"

"Ruvezi," binti alijibu. Kisha, kama mtu aliyezoea kuulizwa, akaanza kutaja herufi moja moja, taratibu, ili mwenzake apate nafasi ya kuandika.

Karani hakuandika. Jina lile alikuwa amelisikia mara moja tu maishani, miaka saba nyuma, kutoka kwa fundi wa makochi aliyesimama palepale, nyuzi za pamba zimemganda nywelini. Alimuuliza maana yake, fundi akasema halina. Basi akaambiwa akalifikirie. Fundi aliikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni, akaondoka, na karani alishamsahau kabla ya chai ya saa nne.

"Baba yake ni fundi wa makochi?"

"Ndiyo. Alikuja hapa wiki ile niliyojifungua. Akarudi nyumbani akasema serikali imelikataa jina. Kila nikimwambia tujaribu tena, ananiuliza, 'Wakitaka maana, tutasema nini?'"

"Sasa kwa nini hakuchagua jina lingine?"

Mshonaji alimtuma binti akakae kwenye benchi la mbali, akainamia kidirisha.

"Kabla ya huyu nilizaa watatu. Wa kwanza tulimpa jina la mama mkwe, wa pili la baba yangu, wa tatu la dada yangu. Hakuna aliyefikisha mwezi. Nilipopata mimba ya huyu, mume wangu akasema hataki tena jina lililowahi kuandikwa kwenye kaburi la mtu. Akawa anapigilia misumari kwenye makochi yake huku anajaribu silabi mdomoni, kutwa nzima. Siku aliponitamkia hili nilicheka. Nilikuwa sijacheka mwaka mzima. Haya, hiyo ndiyo maana, kama bado unaitaka."

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Serikali haikulikataa," alisema mwishowe. "Sheria haina neno na jina hilo. Nililikataa mimi."

Alitegemea kufokewa, na angefokewa angenyamaza. Mshonaji aliuliza tu, "Kwa hiyo leo utaliandika?"

Haikuwa rahisi hivyo. Usajili wa kuchelewa ulidai barua ya maelezo na saini ya mkuu wa ofisi. Karani angeweza kuandika "uzembe wa wazazi," maneno yaliyojaa kwenye mafaili mengine, na hakuna ambaye angeuliza. Alikaa na karatasi tupu mbele yake huku foleni ikinung'unika. Kisha akaandika kwamba baba alifika kwa wakati, na kwamba karani, yaani yeye mwenyewe, alimrudisha bila sababu ya kisheria.

Mkuu aliisoma akiwa amekunja uso. "Mwalimu, unajua hii lazima niiweke kwenye faili lako?"

"Najua."

"Na umebakiza miaka mitatu tu kustaafu."

"Najua, bosi. Wewe saini."

Cheti kilitoka siku ya nne, na fundi mwenyewe ndiye aliyekuja kukichukua. Alikuwa ameota mvi. Alipitisha kidole juu ya jina, herufi kwa herufi, akarudia tena. Karani alimwomba radhi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu jana yake, lakini yaliyomtoka yalikuwa machache.

"Mimi nilidhani wewe unajua sheria," fundi alisema. "Ningejua ni maoni yako tu, ningebishana."

Hakusema yamekwisha, wala hakusema bado. Alikiweka cheti katikati ya gazeti kisije kikakunjika, akaaga.

Karani hakugeuka kuwa mpenzi wa majina mapya. Mengine yanamkera mpaka leo, hasa yale yenye herufi ambazo hakuna anayezitamka. Wiki iliyofuata walikuja mume na mke, vijana, na jina la mtoto wao lililozidi nafasi iliyokuwa kwenye fomu. Swali lake la siku zote lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Mmelipataje?" akauliza badala yake.

Walitazamana. Mume akaanza kusimulia, mke akamkatiza kwamba haikuwa hivyo, akaanza yeye upya. Karani aliwasikiliza hadi mwisho.

"Mimi silipendi," aliwaambia. "Lakini mtoto ni wenu."

"Utalizoea, mama," yule mke alisema.

"Labda. Hebu niandikieni pembeni hapa kwa herufi kubwa, nisije nikakosea."