Mguu wa Jepkorir

“Senge, siku ile kama ungeinua mguu, ungefika wapi?”

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza hivyo. Senge ndivyo tunavyomwita dada wa baba, na huyu wangu ni Jepkorir. Alikuwa akipepeta wimbi. Alisema tu kuni zimeisha, nikimbie nikalete. Basi habari za mguu huo nikazipata kipande kipande, kwa baba, kwa Wangare rafiki wa Senge, na kwake mwenyewe siku ambazo moyo wake ulikuwa mweupe.

Mwaka wa 1951 Jepkorir alikuwa mke mpya wa Kipkemei, kijana wa kazi ya reli, naye alikuwa akifua nguo Milimani, mtaa wa Wazungu, katika nyumba ya daktari wa ng'ombe. Mke wa daktari alitoka Brazili. Wafanyakazi walimwita Mama Dulsi. Jumamosi aliwafundisha watoto wa Wazungu dansi ya baleti sebuleni, na Jepkorir, akianika mashuka nje ya dirisha, aliwaona wakikunja magoti kama watu wanaotaka kuketi kisha wakaghairi.

Siku moja wanawake walikuja kumsaidia Jepkorir kutengeneza sakafu ya nyumba yake nyuma ya bustani. Walimwaga udongo, wakaulowesha, wakawa wanaukanyaga kwa pamoja wakiimba ili ushikane. Mama Dulsi akatoka mbio, akavua viatu, akaingia katikati yao na rinda lake jeupe.

“Kwetu iko hivi hivi!” alipiga kelele. “Nyumba mpya, watu nakanyaga, naimba!”

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini yule mama alikuwa anajua. Kisigino chake kilipiga udongo kwa mwendo wao wenyewe, kisha kikaongeza mapigo mengine ya kwao, ya harakaharaka, na kabla sakafu haijakauka alikuwa amekwisha kuamua kuunda kikundi.

Kikundi kilikuwa cha vijana wa kazi za Milimani. Wangare, yaya wa nyumba ya jirani, aliingia kwa sababu hakutaka kupitwa na jambo. Ndung'u wa bustani alipewa debe apige. Mama Dulsi alichukua ule mkanyago wa Brazili akauchanganya na baleti, chini visigino vinatwanga, juu mikono inaelea kana kwamba haihusiki. Mwisho wa mchezo, wachezaji wote hupiga magoti, mmoja tu anabaki amesimama katikati, anainua mguu polepole, umenyooka, mpaka karibu na sikio. Huyo mmoja alikuwa Jepkorir.

“Huyu hana mifupa,” Ndung'u alisema alipouona mguu ule mara ya kwanza.

“Wewe piga debe,” Wangare akamjibu. “Macho yako hayajaitwa.”

Habari zikaja kwamba bwana mmoja wa Nairobi, mwenye kusimamia michezo ya jukwaani, angefika kuwaona katika ukumbi wa lokesheni, mtaa wa Waafrika, Bondeni. Atakaowapenda angewachukua wakacheze Nairobi wakati wa Krismasi. Jepkorir hakuwahi kutaka kitu vile. Alijizoeza akifua, akajizoeza tena akingoja maji yachemke. Kipkemei hakumkataza. Tena alijivuna naye kwa kila mtu, na hapo ndipo alipokosea, kwa maana alijivuna hata kwa baba yake.

Baba yake, mzee arap Koech, alichunga ng'ombe katika shamba la Mzungu huko Rongai. Jepkorir, kama mke yeyote wa kwetu, alimwekea baba mkwe wake heshima ya kumkwepa. Hakutaja jina lake. Hakupita mbele yake. Akimwona njiani aliingia majanini mpaka apite. Kipkemei alidhani mzee atasikia tu habari na kuguna, kwa sababu wazee hawaendi kwenye mambo ya ukumbini. Lakini mzee alipanda lori la ngano akaja. Na karani wa mlangoni, alipoona mvi na koti refu, akamketisha benchi la mbele kabisa, kando ya yule bwana wa Nairobi.

Jepkorir alimwona mchezo ukiwa katikati. Aligeuka na wenzake, akainua uso, na mzee huyo hapo, fimbo katikati ya magoti, hatua chache tu kutoka jukwaani.

Akaendelea kukanyaga. Kukanyaga hakukuwa na aibu, hata nyumbani watu hukanyaga. Lakini mwisho ulikuwa unakuja, na rinda lilikuwa fupi.

Wenzake wakapiga magoti. Yeye akabaki peke yake.

“Inua,” Wangare akanong'ona kutoka chini. Kisha kwa ukali, “Inua, wewe!”

Jepkorir akatazama mbao za jukwaa. Kisigino chake kikapiga, kikapiga tena, akazunguka taratibu akikanyaga kama mtu anayemalizia pembe ya sakafu. Ndung'u alipoteza mapigo kidogo, kisha akamfuata kwa debe. Watu wa nyuma wakapiga makofi sana, wao hawakujua kilichokosekana. Yule bwana wa Nairobi hakupiga. Aliwachagua Wangare na wengine wawili, na kuhusu yule wa katikati akasema ana mguu mzito.

Nyuma ya pazia Mama Dulsi alikuwa na machozi. “Mguu yako napanda kila siku! Leo kwa nini nakataa?”

“Kuna mzee, Mama.”

“Wazee iko mingi! Mzee gani?”

Jepkorir hakuweza kutaja jina. Akainama kukusanya nguo zake, na Mama Dulsi akadhani ni kiburi.

Jumapili mama mkwe akaja na ujumbe, maana mzee mwenyewe hawezi kusema na mke wa mwanawe moja kwa moja. Jepkorir alikuwa akisonga ugali.

“Mzee anasema wenzako walicheza vizuri,” mama mkwe alisema. “Anauliza kama wewe ulichomwa na mwiba.”

“Mwiba?”

“Kipkemei alimwambia kuna mahali mguu unapanda. Ndicho alichofuata. Anasema lori lilimtikisa bure.”

Kipkemei alitoka nje haraka, na hata leo haijulikani kama alikwenda kucheka au kulia. Ugali wa siku hiyo ulikuwa mgumu kama tofali.

Wangare alikwenda Nairobi, akarudi na viatu vyekundu na hadithi za kutosha miaka mitatu. Mama Dulsi na mumewe walihamishwa mwaka uliofuata, kikundi kikafa. Jepkorir alipata watoto wanne, akaacha kufua, akaanza kuuza viazi vya Dundori sokoni. Mzee aliendelea kukwepwa kama kawaida mpaka alipofariki.

Mwaka huu wa 1959 nilikuwa nyumbani kwake likizo ya Agosti, tunapukuchua mahindi. Wangare alikuwa amepita kutusalimu, akasimulia Nairobi tena, akaenda zake. Senge akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Kisha akasimama, akakung'uta makapi kwenye rinda, akagusa ukuta juu kidogo ya sikio lake.

“Uliniuliza ungefika wapi,” alisema. “Ungefika hapa. Na ungekaa hapo hapo mpaka wao wenyewe wachoke, waniombe niushushe.”