Mama wa Stelingi

Leo nikiwa kwenye basi, nimetoka kwenye mtihani wa majaribio na macho yananiuma kwa uchovu, nimesoma kwenye simu kwamba yule mwongozaji wa filamu za ngumi wa kusini mwa India ameacha kazi. Kasema amechoka. Nimemwelewa. Wewe huenda humjui. Kwetu alikuwa kama mtu wa nyumbani.

Nilipokuwa na miaka minane, kila Jumamosi bibi alinipeleka Tooting, kusini mwa London, kwa muuza duka mmoja, Mhindi, ila mzaliwa wa Tanga kama bibi. Nyuma ya duka palinukia bizari na sabuni ya mche, na televisheni ilikuwa juu ya magunia ya mchele. Filamu zilikuwa za Kitamil, lugha ambayo hata mwenye duka hakuijua. Alisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, akamtafsiria bibi huku wakitafuna njugu.

Filamu ya kwanza ya mwongozaji huyo ilikuwa na stelingi mmoja, pikipiki moja na mama mgonjwa wa moyo. Ndiyo iliyompa jina. Baadaye magari yakaongezeka, yakaruka kama panzi, hadithi ikapungua. "Zamani alipiga mtu mmoja kwa sababu," bibi alilalamika. "Siku hizi anapiga mia bila sababu." Kwa hiyo tukairudia ile ya kwanza, ambayo bibi alikuwa hajawahi kuiona mpaka mwisho.

Mwaka huo daktari alitaka bibi apasuliwe moyo, naye akakataa katakata. Basi mama wa stelingi alipofumba macho, mwenye duka alimtazama bibi, akasema, "Amepelekwa India kutibiwa."

"We bhai, kwani hao wako wapi?" bibi akauliza.

"India kubwa, mama. Wewe tazama ngumi."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanigeukia mimi, mtoto wa kusikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. "Wewe unasoma. Amepona?"

Nilikuwa nimeshasoma. Amekufa.

"Amepona, bibi," nikasema, kwa Kiswahili.

Wiki ile akakubali kupasuliwa. Nilipokwenda kumwona wodini, akaninong'oneza, "Yule mama alikufa. Mwishoni stelingi alinyoa kipara, na mtoto wa Kihindi hanyoi kwa sababu mama yuko hospitali, hunyoa akifiwa. Lakini ulivyonijibu kwa Kiswahili, nikajua unataka niwepo."

Aliishi miaka mitano zaidi, akaziona filamu mbovu zote zilizofuata, akazisema moja moja. Sasa hayupo. Duka linauza vioo vya simu. Kiswahili changu kimekuwa kizuri, na nyumbani hakuna anayeniuliza kitu.