Mtani Aliponiambia Ukweli Nikacheka

Mpaka leo nikipita Kwihara watu wananiuliza kama nimekuja kwa miguu au nimebebwa, na mimi nacheka nao, ila aibu bado ninayo, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe kabla hamjakutana na mtani wangu Kondo, ambaye kila akisimulia ananiongezea matope wakati siku ile ilikuwa kiangazi kikavu kabisa.

Mimi nauza asali hapa Tabora mjini, na mama yangu, ambaye kwa Kinyamwezi tunamwita Mayu, anaishi kijijini Kwihara, nje ya mji. Magoti yake yamechoka. Kila siku ya kliniki hospitali ya Kitete ilikuwa nampandisha bodaboda, na akirudi hasemi na mtu mpaka kesho yake. Nikajibana, nikajibana, mpaka hela ya gari moja ikatimia (moja, wala si moja na nusu), nikijua nikikosea hapo Mayu atapanda bodaboda mpaka Mungu amchukue. Na siku hizi hayo magari ya saizi ya kati, yale yaliyoinuka kidogo, yamejaa mjini, kila yadi inakuita, huyu anakupa matairi mapya, yule anakulipia bima, wa tatu kazi yake kumsema vibaya wa pili. Mimi nikaenda yadi ya Kondo kwa sababu yeye ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kichwani kutoka huku mpaka pwani kwao.

"Karibu mpagazi wangu!" akaita. "Leo mzigo umeutua wapi?"

"Nimekuja kununua gari, nikupakie wewe na ngoma yako ya mdundiko nikurudishe pwani."

Akanionyesha mawili. La kwanza kuukuu, rangi ya majivu, viti vimepasuka, tairi la akiba limebebwa mgongoni kama mtoto. La pili jeupe, na jamani, paa lake ni la kioo! Mbele lina skrini kama televisheni ya sebuleni, na Kondo alipoliwasha sauti ya mwanamke wa Kijapani ikasema maneno kwa adabu ya ajabu hata nikajikuta namwitikia, "Marahaba." Nilikaa kwenye kile kiti nikiangalia mawingu kupitia paa, nikasema binadamu wana akili jamani, na Mungu aliyewapa hiyo akili ni mkubwa. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba bei zilikuwa karibu sawa. Sasa bei sawa, ninunue bibi kizee niache bibi harusi?

Kondo akasema, "Hilo jeupe ni la lami. Tumbo lake lipo chini na linavuta magurudumu ya mbele tu. Kwenye mchanga wenu litatamia kama kuku. Chukua hili kuukuu, linavuta yote manne, ndiyo maana bei yake haishuki."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Tangu nimfahamu, Kondo hajawahi kuniambia jambo bila kunitania, nikajua tu anataka kumwachia jeupe bwana mmoja mwenye kofia aliyekuwa analizunguka akilipiga picha. Nikasema twende wote tukalijaribu Kwihara. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini wivu wa yule bwana wa kofia ukanipanda, nikampigia Mayu: "Mayu, nakuja na gari langu." (Langu! Na hata senti sijatoa.)

Ilikuwa Jumapili. Mayu alikuwa kanisani, akamnong'oneza mzee wa kanisa, mzee akamwambia mchungaji, mchungaji akatangaza.

Kwenye lami gari liliteleza kimya, nikawa najisikia kama waziri. Kwenye vumbi likaanza kugonga chini, nikaongeza redio. Tulipofika kanisani, nikaona waumini wote wako nje, wamejipanga mistari miwili, kwaya na majoho yao, mchungaji na Biblia yake, na Mayu mbele kabisa na fimbo yake. Badala ya kusimama kwenye njia ngumu, nikakata pembeni ili waone ubavu wote, na hapo pembeni ndipo penye mchanga. Likazama. Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi. Mama wa Kijapani akasema neno. Kondo akaangalia dirishani. Nikasema gari lenye akili namna hii halikosi kitufe cha nguvu, nikabonyeza kimoja, na paa la kioo likafunguka taratiibu, na vumbi lote tulilotimua likatushukia kichwani. Kwaya wakadhani nataka kusimama niwapungie mkono, wakaanza kuimba. Mchungaji akasogea akanyoosha mikono: "Bwana, kibariki chombo hiki alichonunua binti yako..."

"Bado, mchungaji," Kondo akasema.

Kwaya ikakatisha wimbo katikati ya ubeti.

Mayu akaja polepole na fimbo yake, akaangalia magurudumu, akaniangalia mimi niliyejaa vumbi mpaka kwenye kope. "Hili ndilo la kunipeleka Kitete?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Halafu, jamani, akaegesha fimbo. Akaweka mkono juu ya boneti, akaanza wimbo wa Kinyamwezi ambao mimi mwanaye sijawahi kuusikia, mzito, wa kupanda na kushuka. Baadaye akaniambia alikuwa akiuimba babu yake, yule aliyekwenda pwani na mzigo akarudi. Akina mama wazee wakaitikia, kumbe wanaujua! Wakavua viatu, wakazunguka gari, vijana wa kwaya wakajipenyeza katikati na majoho yao, na kila wimbo uliposhuka wakashika, ulipopanda wakainua. Hawakusukuma, waliinua! Niliona magurudumu yanaachana na ardhi, nikiwa bado nimeshika usukani kama mjinga. Walilitua kwenye njia ngumu polepole kama wanatua mtungi wa maji.

Kondo alikuwa ameshashuka, kibaraghashia chake mkononi. "Kwetu tunasimuliwa kwamba mlikuja na mizigo kwa miguu," akasema. "Mimi siku zote nilidhani ni utani." Kisha akanigeukia. "Dada, usilinunue hili."

Dada! Hajawahi kuniita hivyo. Hapo ndipo nikamsikia.

Nilinunua lile la majivu. Mayu anapanda mbele, anaegesha fimbo mlangoni, na akirudi Kitete anaongea njia nzima, mpaka namwomba apumzike. Na nimeapa sitaita kitu changu kabla hakijawa changu. Na Kondo tumewekeana sheria: akiniita mpagazi nacheka, akiniita dada nasikiliza.

Juzi akanipigia simu. "Dada," akaanza, na mimi nikakaa chini kwanza. "Lile jeupe amelichukua yule bwana wa kofia. Amepata mchumba huko kwenu, na sasa hivi ameniuliza njia ya Kwihara."

Nikachukua kamba ya kuvutia gari, nikampigia Mayu aanze kusafisha koo.