Mfugaji wa Lissaneery na Kisima cha Watu

Delia humsoma jirani yake, mzee mfugaji, kwa jinsi anavyoshika fimbo yake. Mzee akizungumza na watu wa kijiji hiki cha Lissaneery, fimbo hukaa kwapani. Akija Mmarekani kutafuta kitongoji cha babu zake, fimbo hutoka na kumwonyesha ng'ambo ya mto, na sauti ya mzee huwa tamu kama ya padri. Jumanne alikuja mama mmoja kuulizia nyumba ya akina Tuohy.

“Tuohy gani, mama? Wale wenye nywele nyekundu, au wale wa Kisimani?”

“Wa Kisimani.”

Fimbo ikanyooka. “Hao walikaa kule ng'ambo.”

Delia akashindwa kuvumilia, akapaza sauti juu ya ukuta: “We mzee, humwogopi Mungu? Kisima chao si hicho wanachonywea ng'ombe wako?”

Shingo ya mzee ikawa nyekundu. Malisho yale baba yake aliyachukua akina Tuohy walipohamia Amerika, na hakuna aliyemwuzia.

“Sitaki shamba, baba,” mgeni akasema. “Nataka kuonja maji tu.”

Mzee akafungua lango, akamtekea mwenyewe. Mama akanywa, akalia. Mzee akasubiri ajifute macho, ndipo akauliza:

“Na ndege yako inaondoka lini?”